Ukuta wa Jikoni, Muraqqabat

Vumbi la saruji likilowa maji ya kiyoyozi hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Si ile ya mvua ikigusa udongo, maana ile ina utamu wake. Hii hukaa nyuma ya koo na haitoki hata ukinywa maji. Mwezi uliopita nilikwenda Muraqqabat, hapa Dubai, kununua mapazia, nikakata njia kwenye uchochoro ulio nyuma ya hoteli ndogo ndogo, na kiyoyozi cha mtu kilikuwa kikidondosha maji juu ya rundo la kifusi. Nikasimama. Mwanangu, ambaye ana haraka ya kila kitu, akanivuta mkono. "Mama, yalla!" Sikuweza kwenda. Bibi yangu alikuwa ametutoka wiki chache nyuma, na mpaka siku ile nilikuwa sijamlilia sawasawa. Nilimlilia pale, mbele ya duka la masanduku ya safari, mpaka mwenye duka akanitolea kiti.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mitaa hii ya Deira mnazijua nyumba ninazozikumbuka. Nyumba za chini, matofali ya saruji yaliyopakwa chokaa, geti la chuma la rangi ya samawati, ua katikati na vyumba vimeuzunguka. Watoto wetu tukiwaambia kwamba Muraqqabat watu walikuwa wakilala uani msimu wa baridi, wakiamshwa na jogoo wa jirani, wanatuangalia kama tunatunga. Wamezaliwa kwenye lifti, hawana lawama.

Sisi tulikuwa wanne. Baba, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mama, aliyewashonea nguo majirani. Mimi mtoto wa pekee. Na Bibi, mzaa Baba, aliyeletwa Dubai kutoka Unguja akiwa mke kijana na ambaye hakuwahi kukubali kwamba jiko la gesi linaweza kupika mkate wa kumimina. Gesi aliiachia wali na mchuzi. Mkate lazima uguswe na mkaa, juu na chini, kwa hiyo jikoni kwetu kulikuwa na seredani, na ukuta wa nyuma yake, juu ya vigae vya kijani, ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka. Kwenye ukuta huohuo palikuwa na kishubaka anamoweka chumvi. Nikiinua mkono na kusimama kwa ncha za vidole, nilikuwa ninakifikia.

Zamani kidogo tulikuwa watano. Mdogo wake Baba, Ami Seif, ninamkumbuka kwa vipande: mabega ninayopandishwa, mafuta ya nywele, mluzi wake kabla hajafungua geti. Kisha akawa hayupo. Niliambiwa amesafiri, nikatosheka. Mengine nimeyajua ukubwani. Alitaka kumuoa Lina, muuguzi wa Kifilipino, mwanamke aliyeachika na aliyemzidi umri. Bibi hakutaka. Walibishana siku nyingi, na siku ya mwisho Bibi akatamka neno ambalo nadhani alilijutia kabla halijamaliza kumtoka mdomoni: "Ukimuoa huyo, mlango wangu usiuone tena." Baba alisimama upande wa mama yake. Ami Seif akatia nguo zake begini na hakugeuka nyuma. Mmoja akaja na habari kuwa yuko Doha, mwengine akasema Australia, na barua hakuna, na simu hakuna. Bibi hakumtaja kwa jina. Lakini komeo la geti hakumwachia mtu mwengine alifunge. Alilifunga mwenyewe, baada ya wote kuingia ndani, na kabla ya kulifunga alitoka kwanza akachungulia njiani.

Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kutuambia. Alikuwa Mwarabu mtu mzima, mpole, Bibi akimwita arbab, yaani bwana mkubwa, na yeye akimwita Bibi Umm Salim, mama wa Salim, kwa jina la Baba. Alikunywa kahawa vikombe viwili akizungumza mambo ya tende, na cha tatu kilipotaka kumiminwa akatikisa kikombe kitupu kukataa, akasema mtaa mzima utavunjwa. Panajengwa majengo marefu. "Khalas, Umm Salim," akasema. "Mji unakua." Alitupa muda wa kutosha wa kutafuta pengine, na nakumbuka alipoondoka aliushika mkunazi wa uani kwa kiganja, kama mtu anavyomshika punda wake.

Baba akapata fleti Oud Metha, ng'ambo ya khori, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Mama alifurahi, akihesabu makabati. Bibi akakataa kufunga hata sanduku moja.

"Mama, nyumba yenyewe haitakuwapo," Baba alimwambia. "Utakaa wapi?"

"Na Seif akija?"

Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akilitaja jina lile. Baba akainamisha kichwa. "Ataulizia. Watu wanaotujua wapo."

"Wapo wapi, na mtaa wote unaondoka? Na hata wangekuwapo. Seif haulizii." Sauti yake haikupanda. "Mwanangu namjua, ana haya. Hatakwenda kwa watu kuuliza mama yangu kahamia wapi, wamwambie, si alikufukuza? Atakuja mlangoni asimame. Akikuta hapana mlango, ataona ndilo jawabu langu."

Enzi zile simu ya nyumba ilikuwa mali ya nyumba, ikikatwa imekatwa. Tulihama siku ya Alhamisi. Bibi alitoka wa mwisho, na komeo alilifunga kwa mkono wake mchana kweupe.

Mimi nilikuwa na elimu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma mkunazi wetu ulikatwa, kwa sababu matawi yalikuwa yamefika kwenye nyaya za umeme. Kilibaki kisiki. Nililia sana, Bibi akaniambia nikimwagie maji, nami nikakimwagia kila siku mpaka kikatoa vichipukizi, na vichipukizi vikawa mti. Na Baba, kila tukiwa barabarani, alikuwa na msemo wake: "Mji huu majumba yanaota kama uyoga." Kwa hiyo Bibi aliponichukua mara ya kwanza kwenda kuangalia mahali ilipokuwa nyumba yetu, sikulia kama Mama alivyohofia. Mtaa ulikuwa tambarare. Geti limekwenda, mkunazi umekwenda, vyumba vimekuwa vifusi. Umesimama ukuta mmoja tu, ule wa jikoni, kwa kuwa ulikuwa pia ukuta wa ghala la muuza vitambaa ambaye alikuwa bado hajatoka. Vigae vya kijani vipo. Moshi upo. Kishubaka kipo, wazi kwa dunia nzima. Nilijua ninachokitazama. Kile ni kisiki.

Tukaanza kwenda. Bibi alikuwa akiswali alasiri, kisha ananivalisha viatu, tunapanda basi linalovuka daraja, yeye na buibui lake na mkoba wenye kanga, chupa ya maji na andazi langu. Tukifika hutandika kanga kwenye kivuli cha ukuta, mahali hasa alipokuwa akikaa kukuna nazi, na tunakaa. Kama hamjapata kukaa jikoni kwenu bila ya paa, siwezi kuwaeleza. Jua lilikuwa linaingia mahali lisipopajua. Ndege walitua kwenye kishubaka cha chumvi.

Eneo lile lilikuwa na mlinzi, kijana wa Kikenya, Mutua, mtu wa bara, shati lake la kazi limemzidi mabega. Siku ya kwanza alikuja kutuondoa. Alianza kwa Kiarabu cha kuokoteza, Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Baba, huna lugha nyengine?"

Mutua akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Shosho, kumbe unaongea Kiswahili!"

"Shosho ndiyo nini?"

"Ni heshima. Ni kama kusema bibi."

"Basi sema Bibi."

Hakusema Bibi hata siku moja, na Bibi akaacha kumsahihisha. Hakutuondoa. Alituletea boksi la maziwa la plastiki tulikalie, akasema, "Jua ni kali sana, Shosho. Kaeni tu hapa kwa kivuli, lakini msimamizi akija mimi siwajui." Alikuwa analala kwenye kambi ya wafanyakazi huko Investments Park, nje ya mji, wanane chumba kimoja, na anasema amekaa Dubai muda mrefu hajasikia mtu mzima akimwita baba. Bibi akawa anambebea mkate wa kumimina. Mkate wa gesi, akimwambia, usinihukumu kwa huu.

Siku mojawapo Bibi alitoa kipande cha mkaa mkobani. Upande wa kushoto wa kishubaka palikuwa bado peupe, na hapo akaandika. Herufi za Kizungu hakuzijua. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa Unguja kwenye chuo cha Kurani: *Seif, tupo Oud Metha, juu ya duka la dawa, ghorofa ya tatu. Mama yako.* Mimi nilikuwa ndiyo kwanza ninajifunza kuunganisha herufi shuleni. Nikaona sini, nikaona fee, nikaamini ni dua ya kuiotesha nyumba. Vumbi lilipoyafuta maneno, Bibi aliyaandika upya, nami nilisimama nyuma yake nimekunja mikono kama ninayeitikia.

Kazi yangu ilikuwa maji. Yaliyobaki kwenye chupa niliyamwaga chini ya ukuta, taratibu, kama kwenye kisiki cha mkunazi. Harufu ile ilipanda, ya saruji iliyolowa, na kwangu ilikuwa harufu ya kitu kinachoanza. Bibi aliniona na hakunikataza. Baada ya wiki kadhaa pakatokea ufa kwenye sakafu na ndani ya ufa majani mawili membamba. Nilipiga kelele nikidhani ni mwanzo wa chumba cha mbele. Mutua akaja mbio, akaangalia, akasema, "Ee, hiyo imeshika kabisa," akayazungushia vijiwe yasikanyagwe.

Nikamuuliza Bibi siku ile, "Bibi, itarudi kweli?"

Lori la mchanga lilikuwa likipita nyuma yetu.

"Atarudi, mwanangu," akanijibu akitazama barabarani. "Inshallah atarudi. Damu haipotei."

Lugha yetu imetenganisha mtu na nyumba kwa herufi moja tu, na herufi ile lori lilikwenda nayo. Nilisikia nilichokuwa ninakitaka. Niliona hata hiyo damu ina maana, kwa kuwa mafundi wa nyumba huwa wanachinja kabla ya kujenga. Tukakaa tukingoja, mabega yamegusana, kila mmoja akiamini mwenzake anangoja kinachongojwa. Nimeishi mahali pengi tangu siku zile na sijawahi tena kuwa na mtu karibu yangu namna ile.

Kisha muuza vitambaa akapata mahali pengine. Mutua alitueleza akiwa amesimama, hakukaa kwenye boksi kama kawaida yake.

"Shosho, ghala limetoka. Huu ukuta hawaachi. Ni wiki hii."

Bibi aliinuka, akauwekea ukuta mkono pale penye moshi. Kiganja kilitoka cheusi. Hakukifuta.

"Ukuta ukiondoka, baba, umebaki wewe," akamwambia. "Akija mtu mrefu, ana kovu dogo hapa kwenye nyusi, anasimama bila ya kusema kitu. Mwambie."

"Mimi pia wanaweza kunihamisha, Shosho. Hii kazi haina kwao."

"Ukiwapo. Nisomee: tunakaa wapi?"

"Oud Metha. Juu ya duka la dawa. Ghorofa ya tatu."

"Tena."

Akamsomesha kama mtoto wa chuo, na Mutua akaitikia kila mara bila ya kuchoka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani yangu nikiyamwagia chupa nzima, kwa kuwa nilielewa kwamba muda umekuwa mfupi na nyumba lazima ifanye haraka.

Tuliporudi, hapakuwa na ukuta. Bati refu lilikuwa limezungushwa mtaa mzima, na ndani yake mashine inachimba. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Niliona shimo, refu kwenda chini kuliko nyumba yetu ilivyokuwa kwenda juu. Nilijua kisiki kikikatwa huota, na nilijua pia kwamba kikichimbwa na mizizi hakioti tena. Mutua hatukumwona. Bibi alinishika mkono mpaka kituo cha basi, na kwenye basi alilala, au alifumba macho. Hatukwenda tena. Alasiri zikawa ndefu mno. Bibi alianza kukaa dirishani, kule juu ghorofa ya tatu, ambako mtu akipita chini huoni ila utosi wake.

Sijui zilipita siku ngapi. Ijumaa moja wanaume walikuwa wametoka msikitini, Mama anapakua pilau, kengele ikalia. Baba akafungua, akabaki ameshika kitasa. Mlangoni alisimama mtu mrefu, na nyuma yake mwanamke mwenye miwani amembeba mtoto mchanga. Bibi alitoka chumbani akiburura kandambili, akawaona, akapita katikati yao wote moja kwa moja mpaka kwa yule mwanamke, akamwambia, "Nipe mtoto, mwanangu, mikono itakuchoka."

Lina hakuwa akijua Kiswahili, lakini alielewa, akampa.

Ndipo walipolia. Baba alilia kwa sauti, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia. Mezani Ami Seif akaeleza. Walikuwa wamerudi kutoka Australia kwa mapumziko, wanapita tu, na alimwambia mwenye teksi apite Muraqqabat mara moja. Alikuta mabati. Alisimama pale, akaona hilo ndilo jawabu, kama Bibi alivyosema ataona, akageuka kurudi kwenye teksi. Mlinzi mmoja akamkimbilia kutoka upande wa pili, kofia mkononi, akipiga kelele kwa Kiswahili, "Wewe ni Seif? Wewe ni Seif? Mama yako amekungoja hapa mpaka ukuta ukachoka kabla yake!" Akamsomea anwani neno kwa neno, kisha akamshika mkono akamsomea tena.

"Mungu amweke," Bibi akasema. "Mungu amweke yule kijana." Akamsogezea Ami Seif sahani. "Kula."

Wote walikuwa wanacheka na kulia, mtoto mchanga anapitishwa mkono kwa mkono, na mimi nikaondoka nikaingia jikoni, jiko jeupe lile la Oud Metha lisilo na hata doa la moshi, nikakaa chini kwenye pembe nikalia peke yangu. Mama alichungulia, akasema, "Maskini, furaha imemzidi," akarudi kwa wageni.

Aliyekuja ni Bibi. "Una nini wewe?"

"Haikurudi."

"Nani hakurudi? Si yule pale, Ami yako amekuja?"

"Haikurudi, Bibi. Tuliimwagia maji siku zote. Nyumba haikurudi."

Niliona usoni kwake jambo likipita, na leo ninalijua kuwa ni lipi. Alikuwa anazirudia zile alasiri zote, moja baada ya moja, na kuona kwamba kwenye kanga ile walikaa watu wawili wanaongoja, na aliyejibiwa ni mmoja. Hakucheka. Wengine nyumbani walikuja kulicheka jambo hili kwa miaka, na wangali wakilicheka, lakini yeye hakuwahi. Alishika ukingo wa sinki, akajishusha polepole, magoti yake yakilia, na nguo zake za Ijumaa, akakaa sakafuni pembeni yangu.

"Umeingia getini kwetu, Muraqqabat," akaniambia. "Unaona nini?"

Nikavuta kamasi. "Ndoo ya taka."

"Mkono wa kulia."

"Chumba cha mashine ya Mama. Halafu chumba chetu, wewe na mimi. Halafu dirisha lisilofunga."

"Lile lilikuwa na dawa yake, unalipiga ngumi chini. Haya, twende. Uani."

Tukaenda uani. Tuliupita mkunazi, tukapita kamba ya nguo, tukaingia jikoni tukakuta kila kitu mahali pake, yeye akinishika mkono kana kwamba ninaweza kujikwaa. Kutoka sebuleni Baba aliita kwamba chakula kinapoa. Niliponyanyua macho, Ami Seif alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani yake mkononi, sijui tangu lini. Alivua viatu, akaingia, akakaa nasi chini, miguu mirefu imefika mpaka kwenye friji.

"Mmeliruka bomba la uani," akasema. "Pale karibu na mkunazi. Lilikuwa linavuja usiku kucha."

"Halikuwa likivuja," Bibi akamjibu. "Wewe ndiye uliyekuwa hulifungi."